Mshauri wa Ikulu hakuajiriwa kuhesabu waliosajiliwa

Jumanne nilimpeleka shangazi yangu kliniki ya sukari katika hospitali moja ya kaunti. Ni mtu asiyekosa neno, lakini siku hiyo hakuwa na la kusema. Zahanati ya kijijini ilikuwa imemwandikia rufaa kwa kuwa dawa zimekwisha. Dirishani karani akaingiza nambari ya kitambulisho, akasubiri, kisha akatugeuzia skrini tujionee: amesajiliwa, hajalipia. Kule zahanati angetibiwa bure. Hapa bima haimgharamii mpaka mchango ulipwe. Insulini tukanunua kwa pesa zetu. Nyuma yetu alikuwapo mwanamume aliyefungwa mguu kwa kipande cha leso. Naye akapewa jibu lilo hilo, akageuka akaenda zake na kidonda chake.

Jioni nikawasha runinga. Mshauri mmoja wa serikali alikuwa akisoma idadi ya waliosajiliwa katika SHA, bima ya afya ya kitaifa, kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi. Alipoulizwa kuhusu dawa, alijibu kwamba hiyo ni kazi ya kaunti. Nilizima runinga, lakini hasira haijazimika hadi leo.

Jibu lake ndilo ugonjwa wenyewe. Ni kweli Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya linazipa kaunti hospitali na zahanati, na kuiachia serikali kuu sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Lakini SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, ni ya serikali kuu. Matibabu ya zahanati hulipiwa na mfuko mwingine, unaosubiri pesa za Hazina ya Kitaifa. Dawa nazo kaunti huagiza kutoka KEMSA, mamlaka ya kitaifa ya dawa, mara nyingi kwa deni. Waziri hawezi kumwamuru gavana, na gavana hawezi kuiamuru Hazina. Anayeweza kuwakalisha wote meza moja, wakajua nyuma yake yuko Rais, ni mshauri wa Ikulu. Kwa kazi hiyo, kodi yangu na aichukue kwa roho safi.

Lakini washauri wetu wamegeuzwa wasemaji. Sheria nne za afya zilitiwa saini Oktoba 2023, na SHA ikaanza mwaka mmoja baadaye. Mwaka huo ulitosha mtu kuuliza swali jepesi: mgonjwa akikosa dawa zahanati, ambako ni bure, akapelekwa hospitali, ambako lazima awe amelipia, nani atamgharamia? Swali hilo halihitaji shahada. Linahitaji mtu wa kushinda Afya House, makao ya Wizara ya Afya, asubuhi, Hazina mchana, na kwa magavana jioni, asiondoke mpaka apate jibu.

Julai 2024, vijana wakiandamana barabarani, Rais alitangaza kwamba washauri serikalini watapunguzwa kwa nusu. Tukashangilia hesabu, tukasahau kuuliza nusu inayobaki itafanya nini.

Waziri huitwa Bungeni akahojiwa. Mshauri humnong'oneza Rais, akatoka kupitia mlango wa nyuma. Basi kila mshauri wa afya atangaziwe hadharani kazi aliyopewa na tarehe ya kuimaliza, na kamati ya afya ya Seneti imwite aeleze alipofika. Atakayekuja na idadi ya waliosajiliwa peke yake aondolewe kwenye orodha ya mishahara siku hiyo hiyo, na pesa zake ziende kulipa deni la dawa.