Walirudi Kutafuta Vyombo, Wakaulizwa Hati

Ndugu Wanachama,

Wahenga wamesema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Basi leo yafaa tuwatazame wenzetu wa mbali, watu wa mji wa New Orleans katika Marekani, kisha tujitazame wenyewe. Khabari yao si ya karafuu, lakini funzo lake limhusu kila mwenye shamba katika Chama hiki.

Tarehe 28 Agosti 2005 watu wa mji ule waliamrishwa wahame, kwa kuwa kimbunga kilichoitwa Katrina kilikuwa njiani. Wengi waliokuwa na magari walitoka na nguo za siku mbili tatu tu, wakidhani watarejea punde kama walivyozoea. Kesho yake kimbunga kikapiga. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, na kiasi cha asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Watu zaidi ya elfu moja walikufa. Hata kuyavuta maji yale kwa mashine hakukwisha mpaka tarehe 11 Oktoba.

Watu walitawanyika. Wengi sana walikuwa Houston, mwendo wa maili 350 hivi kwa barabara. Wengine Baton Rouge, maili 80. Tarehe 5 Septemba wakaazi wa wilaya jirani ya Jefferson waliruhusiwa kuingia, watazame nyumba zao, wachukue wawezacho, kisha watoke. Magari yalipanga foleni kabla ya kupambazuka. Njiani walikuwapo askari, na mtu alitakiwa aonyeshe karatasi ya kuthibitisha kuwa ni mkaazi wa pale. New Orleans kwenyewe ruhusa ilitolewa mtaa baada ya mtaa, na watu wa Lower Ninth Ward, mtaa uliovunjwa vibaya mno, walikuwa miongoni mwa wa mwisho.

Fikirini safari hiyo. Mtu atoka usiku na gari tupu, amechukua buti, glavu na maji ya kunywa. Afika kwake akuta mlangoni alama ya mkato wa rangi iliyoachwa na waokoaji, inayoeleza siku waliyopekua na hesabu ya maiti waliowakuta. Ndani, matope na kuvu mpaka darini. Friji zilinuka hata zikafungwa kwa utepe na kutupwa barabarani bila ya kufunguliwa. Magodoro, makochi na nguo havikufaa kitu. Wengi walirudi na picha chache za wazee wao na vyombo vya kuoshwa.

Lakini hasara iliyowauma watu wengi kwa muda mrefu zaidi haikuwa ya makochi. Mwaka 2006 jimbo la Louisiana lilianzisha mpango wa kuwasaidia wenye nyumba wajenge tena, na mmoja aliweza kupata hata dola 150,000. Sharti mojawapo lilikuwa kuthibitisha kuwa nyumba ni yake. Hapo ndipo waliponasa watu waliokaa katika nyumba za babu na bibi zao. Nyumba walizaliwa humo, na kodi walikuwa wakilipa wao. Lakini hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na mirathi haikupata kupitishwa mahakamani. Warithi walikuwa wengi, kila mmoja katika mji wake. Watu wasiokuwa na shaka hata kidogo kuwa nyumba ni zao waliambiwa walete ushahidi, nao ushahidi hawana. Wapo waliohangaika miaka, na wapo waliokosa kabisa.

Ndugu zangu, ni wangapi miongoni mwetu ambao shamba wanalochuma leo lingali kwa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa?

Msiseme tufani si yetu. Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, katika enzi ya Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoshika zao hili. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija kisha kikaipiga Msumbiji ya kaskazini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia. Ni nadra upepo huo kutufikia, lakini nadra si kamwe.

Wapo watakaosema: sisi hatuna haja ya karatasi, twajuana, kila mtu anajua mpaka wa mwenzake, na sheha yupo. Nawajibu kwa mambo mawili. La kwanza, hata watu wa New Orleans walikuwa wakijuana. Lakini baada ya maji, jirani aliyekuwa shahidi alikuwa maili mia tatu na zaidi, na mwingine alikuwa amekufa. La pili, mipaka yetu mingi ni miti: mwembe wa fulani, mnazi uliopinda, safu ya mikarafuu. Tufani ikiing'oa miti hiyo, mpaka umekwenda nao. Mkarafuu mpya huchukua miaka sita hata minane kabla ya kuanza kuzaa. Na nani atapanda mche mahali asipokuwa na hakika kuwa ni pake?

Wengine huogopa kuwa kuandika ni kugawa, na kugawa ni kulivunja shamba la wazee vipande vipande. Sikubaliani nao. Kuandika ni kutaja: shamba liko wapi, limepakana na nani, lina mikarafuu mingapi, warithi ni nani, na kila mmoja ana fungu gani. Likisha kuandikwa, familia yaweza kuliacha zima likachumwa kwa pamoja kama zamani. Bali lisilopoandikwa ndipo linapovunjika, kwa kesi na chuki.

Na tuseme kweli: anayedhulumika kwanza katika shamba lisiloandikwa ni dada aliyeolewa mbali na mtoto yatima. Ndugu aliyebaki ndiye achumaye, naye baada ya miaka ishirini watu husema shamba ni lake. Sisi tuliosoma chuoni twaijua aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, nayo ni ya kuamrisha madeni yaandikwe na yashuhudiwe. Ikiwa deni la muda mfupi lataka kalamu na mashahidi, vipi haki ya vizazi?

Tena kwetu jambo hili ni zito kuliko la wenzetu, maana huenda ardhi ikawa ya mtu huyu na miti ya mtu yule. Na yuko aliyekodisha mikarafuu yake ingali na maua kwa neno la mdomo tu.

Kwa hiyo naomba Wanachama wayatazame haya. Kila mmoja aandike orodha ya mashamba yake, mipaka na hesabu ya miti, atiwe saini na majirani wawili na sheha wake. Hati za eka, karatasi za mirathi na stakabadhi za kuuzia karafuu azitie katika mfuko wa plastiki usioingia maji, mahali ambapo mkono wafika mara moja. Na mwenye simu azipige picha, ampelekee jamaa aliye mbali. Chama nacho kiweke nakala katika sanduku la chuma, katika nyumba nyingine isiyokuwa ofisi yetu. Na familia ambayo mirathi yake haijapitishwa iende kwa Kadhi au ofisi ya Wakf na Mali ya Amana kabla ya msimu, kwani karafuu zikisha kuwa majamvini hakuna mwenye nafasi.

Jambo hili litaletwa katika mkutano wetu ujao. Atakayelipinga aje alipinge mbele ya wenzake, tusikilizane. Lakini asije mikono mitupu; aje na orodha yake ya miti, hata kama ni ya nusu shamba.

Wasalaam,
Katibu wa Chama