Sifongo wa Pwani, Hesabu ya Kasigau

Rukanga haina bahari. Kutoka hapo chini ya mlima Kasigau mtu hutoka kwanza hadi Maungu, akashika barabara kuu ya Mombasa, na bado ana zaidi ya kilomita mia moja mbele yake kabla ya kunusa chumvi. Msomaji basi ana haki ya kuuliza: toleo zima kuhusu bakteria wanaoishi ndani ya sifongo wa baharini lina habari gani na watu wa Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe? Jibu la jarida hili ni kwamba linawagusa kuliko linavyowagusa wengi wanaoamka kila siku wakiitazama bahari. Wakasigau wamekwisha kuuza kitu kisichoonekana kwa macho. Wanayajua maswali yanayofuata baada ya mauzo, na wanajua ni yapi yalipaswa kuulizwa mapema.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana sifongo ni mnyama, ingawa wengi humhesabu pamoja na mawe. Hana mdomo wala tumbo, hana moyo wala mishipa ya fahamu. Spishi zake zilizokwisha kuorodheshwa ni zaidi ya 9,000. Mwili wake umetobolewa vitundu pande zote. Kwa ndani zimo seli zenye kijimkia kimoja kimoja, na vijimkia hivyo vinapochapa, maji huvutwa ndani kupitia vitundu hivyo na kusukumwa nje kwa tundu kubwa la juu. Sifongo wa kilo moja anaweza kuchuja hadi lita 24,000 kwa siku. Kwa mtu wa Rukanga, hayo ni zaidi ya matangi mawili meusi ya lita 10,000, kila siku inayopambazuka, bila pampu wala bili.

Anachotafuta katika maji hayo ni chakula, na chakula chake kikuu ni bakteria. Ajabu ni kwamba huyohuyo mla bakteria amewapangisha bakteria wengine mwilini mwake. Mililita moja ya maji ya bahari huwa na bakteria wapatao milioni moja. Gramu moja ya sifongo wa aina zile zilizosheheni inaweza kuwa na milioni mia moja hadi bilioni kumi, na kwa baadhi yao vijidudu hufikia karibu asilimia 40 ya ujazo wa mwili. Ukimshika sifongo wa namna hiyo, karibu nusu ya ulichoshika si sifongo.

Nao si wapita njia. Mwaka 2004 watafiti wa Würzburg, Ujerumani, walieleza kundi zima la bakteria walilolipa jina la Poribakteria kwa sababu lilipatikana ndani ya sifongo. Mwaka 2016 utafiti mkubwa uliochapishwa katika Nature Communications ulilinganisha spishi 81 kutoka bahari mbalimbali, ukakuta matawi makuu ya bakteria yapatayo 40, na kila spishi ya sifongo ikiwa na jamii yake inayotofautiana na ya jirani wa mwamba uleule. Sifongo wengine huwarithisha watoto wao: kiluwiluwi huondoka kwa mama akiwa tayari amebeba wapangaji.

Wanawezaje kukaa ndani ya mnyama anayekula wenzao? Wengi wao wana jeni za kutengeneza protini zinazofanana na za viumbe wakubwa kuliko za bakteria. Mwaka 2014 watafiti wa Sydney walichukua baadhi ya jeni hizo, wakazipandikiza katika bakteria wa maabara, kisha wakampa amiba awale. Amiba aliwameza, lakini mmeng'enyo ukamshinda. Bakteria wakajaa ndani yake wakiwa wazima. Huenda hiyo ndiyo hati ya kuingilia wanayoionyesha mlangoni.

Kodi ya pango hulipwa kwa kazi. Wako wanaotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari. Wako wanaoondoa amonia, ambayo ingemsumisha mwenyeji wao, na wako wanaohifadhi fosforasi katika bahari ambayo haina ya kutosha. Halafu wako watengenezaji wa sumu, na hapa ndipo viwanda vya dawa vinapoingia. Sifongo hawezi kukimbia wala kung'ata, kwa hiyo ulinzi wake ni kemikali. Mwaka 1951 Werner Bergmann na Robert Feeney walieleza kemikali walizozipata katika sifongo wa Florida. Zilifungua njia ya sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na inayotumika hospitalini mpaka leo.

Kwa miaka mingi sifa zote zilikuwa za sifongo. Mwaka 2014 timu ya Jörn Piel ilionyesha kwamba kwa sifongo Theonella swinhoei wa Japani, karibu kemikali zote zilizomfanya awe maarufu hutengenezwa na bakteria aliyemo ndani yake, Entotheonella. Hilo lina uzito wa kibiashara. Huko New Zealand iliwahi kuvunwa tani nzima ya sifongo ili kupata dawa isiyofika hata gramu moja. Hakuna bahari inayoweza kuvumilia uvunaji huo. Lakini kama mtengenezaji ni bakteria, jeni zake zinaweza kusomwa, zikahamishiwa kwa kijidudu kinachokubali kufugwa katika pipa la kiwandani, na mwamba ukaachwa kama ulivyokuwa. Mwenye mwamba naye anaweza kuachwa kama alivyokuwa.

Ni vizuri pia kutotia chumvi. Kemikali zilizopatikana kwa sifongo ni maelfu, na zilizofika kwenye rafu ya famasia zinahesabika kwa vidole. Anayedai kwamba kila sifongo wa Watamu amebeba tiba ya saratani ana kitu cha kuuza.

Kwenye mwambao wetu, biashara ya sifongo iliyo hai na inayoonekana iko Jambiani, Unguja. Tangu mwaka 2009 shirika la marinecultures.org limekuwa likifundisha wanawake wa kijiji hicho kulima sifongo. Wengi walitoka kwenye kilimo cha mwani, kilichoanza Zanzibar kibiashara mwaka 1989 na ambacho kimeumizwa na maji yanayozidi kupata joto. Mkulima hukata kipande cha sifongo, hukifunga kwenye kamba iliyotandazwa chini ya maji, hukisafisha mara kwa mara, na kipande hukua kikawa sifongo kamili wa kuuzwa kwa watalii na mahoteli. Ni kazi ya heshima na yenye faida. Hata hivyo kinachouzwa ni kiunzi peke yake, kitu cha kuogea. Wale bakteria mabilioni wamekwisha kufa na kuoshwa wakaenda zao. Jambiani inauza nyumba, na wenye ufundi waliokuwa ndani hawamo kwenye bei.

Joto hilohilo linawatishia bakteria wenyewe. Mwaka 2008 Nicole Webster na wenzake walichapisha jaribio la sifongo wa Great Barrier Reef: kwenye nyuzi 31 alistahimili, kwenye nyuzi 33 jamii yake ya bakteria ilivurugika, na ndani ya siku tatu mwili ukaanza kuoza. Matumbawe ya Kenya yalionja adha ya joto mwaka 1998. Kuna vijiji vilivyochukua hatua. Kuruwitu, Kilifi, ilifunga eneo la hekta 30 lisivuliwe mwaka 2005, na ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Maeneo kama hayo ndiyo hazina za bakteria tunaowazungumzia. Wanaoyalinda huyaita tengefu, na hulinda kwa ajili ya samaki. Ni nadra kuambiwa kwamba wanalinda pia maktaba ya jeni.

Sasa turudi Kasigau. Mwaka 2011 mradi wa kaboni wa Kasigau, unaoendeshwa na Wildlife Works kwenye ranchi zilizo katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ukawa wa kwanza duniani kutoa hati za kaboni za REDD+ chini ya kiwango cha VCS. Bidhaa yenyewe haishikiki: ni hewa ambayo haikutoka kwa sababu miti haikukatwa. Pesa zimelipia basari na miradi ya maji, na pia zimezaa mabishano ya haki kabisa. Mwenye hisa za ranchi hupata kiasi gani, na mwanakijiji asiye na hisa hupata kiasi gani? Nani aliusoma mkataba kabla ya kutiwa saini? Wakasigau wana sababu za zamani za kuuliza. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwatuhumu kuwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi.

Maswali ya namna hiyo yalichangia sheria. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka jamii ipewe angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka ya mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi, baada ya kutoa gharama. Kwa bakteria hakuna namba kama hiyo. Kanuni za mwaka 2006 za kufikia rasilimali za jeni zinadai kibali cha mamlaka ya mazingira (NEMA), ridhaa ya mapema na mgawanyo wa manufaa, lakini asilimia huachwa kwa mazungumzo. Na Kenya imekwisha kuumia. Bakteria waliochukuliwa mwaka 1992 na watafiti kutoka Leicester katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa walitoa vimeng'enya ambavyo baadaye kampuni ya Genencor ilivitumia kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilikuwa likidai sehemu yake hadharani, wakati bidhaa zilishakuwa sokoni.

Siku hizi hata chupa ya sampuli haihitajiki. DNA ikishasomwa na kuwekwa kwenye hifadhidata, mtu aliyeko Basel au Boston anaifungua bila kuomba ruhusa Mombasa. Kwa ajili hiyo Mfuko wa Cali ulizinduliwa Roma Februari 2025: kampuni za dawa, vipodozi na mbegu zinaombwa kutoa asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu iwafikie watu wa asili na jamii za wenyeji. Neno zito hapo ni "zinaombwa". Mfuko unaotegemea hisani ya mdaiwa hautajaa haraka.

Msimamo wa jarida hili ni kwamba Bunge liweke asilimia kwa rasilimali za jeni kama lilivyoiweka kwa kaboni, na usomaji wa DNA ya sifongo wa Kenya uanzie kwenye maabara za humu nchini, pale kwenye taasisi ya utafiti wa bahari (KMFRI) na Chuo Kikuu cha Pwani, majina ya watafiti wetu yakiwa mwanzo wa orodha na siyo kwenye shukrani. Tena kamati za usimamizi wa fukwe (BMU) za Kilifi na Kwale zingefanya vizuri kupanda gari hadi Maungu, zikaingia Kasigau na kukaa siku mbili na kamati za kaboni. Hakuna mshauri wa Nairobi atakayewaeleza vizuri zaidi jinsi fedha za kitu kisichoonekana zinavyopotelea njiani.

Msomaji aliye kwenye BMU au anayelinda tengefu, akija mtafiti na mitungi ya sampuli, amkaribishe, kisha aombe nakala ya kibali cha NEMA na ya mkataba wa kuhamisha sampuli, aulize DNA itawekwa wapi na kwa jina la nani. Jibu atakalopewa, liwe zuri au baya, alitumie jarida hili, tutalichapisha.