Presha Kubwa Si Nguvu, Kaka!

Leo mambo ya mapenzi na mavazi tuyaweke pembeni, tuingie gereji. Akina dada msigeuze ukurasa, mbele kuna jambo lenu.

Sisi vijana tuna ugonjwa mmoja. Tunaamini kitu chochote kikiongezwa ndio kinanoga. Redio mpaka spika zikohoe, pilipili mpaka machozi. Na kwenye magari ndio usiseme. Dawa ya ugonjwa huo nimeiona kwenye kifaa kidogo kinachoenea kiganjani: regulata ya mafuta, ile yenye skrubu ya kupandisha na kushusha presha.

Nianzie mbali kidogo. Kule Uingereza kuna watu ambao gari la starehe hawalinunui dukani, wanaletewa vipande na kuliunda wenyewe nyumbani. Mchezo huu ulipata umaarufu na Lotus Seven, kigari cha Colin Chapman kilichotoka mwaka 1957. Wakati ule ukinunua vipande ulikwepa kodi ya ununuzi, basi watu wakachangamkia. Mwaka 1996 Ron Champion akatoa kitabu cha kufundisha kuunda gari la aina hiyo kwa pauni 250 tu. Baadaye wajanja wakaona injini ya gari ni nzito, wakaweka ya pikipiki: Honda Fireblade, Yamaha R1, Suzuki Hayabusa. Gari lenye uzito kama wa ng'ombe mnene linapewa injini inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Hapo ni kasheshe, bwana!

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi huko na ndio ugonjwa wake. Lake lina injini ya R1 ya mwaka 1999, ya kabureta nne. Miezi michache iliyopita kila jioni simu yangu ilikuwa inajaa picha na maswali. Gari likiwa halina mwendo linakohoa, plagi nyeusi kama masizi, na oili ukiichomoa kwa kijiti inanuka petroli. Shemeji ndio alikuwa wa kwanza kusema ukweli. Gereji yao imeshikana na nyumba, na juu yake ndio chumba cha watoto. Akasema harufu hii ikiingia tena ndani, gari litoke au yeye atoke na watoto wake.

Wataalamu wa barazani hawakosekani hata Ulaya. Mmoja akamwambia injini ina njaa, funga pampu kubwa zaidi. Nikamjibu kaka, kabla hujanunua chochote, pima kwanza. Akaazima geji. Jibu: psi 6. Psi ni kipimo kile kile cha upepo wa matairi, ambao kwa gari dogo huwa kama 30. Utasema 6 ni kidogo. Ngoja nikuonyeshe.

Chukua pikipiki ya kawaida, zile za bodaboda zetu. Tangi liko juu, kabureta chini, petroli inashuka yenyewe. Tangi likiwa sentimita 30 juu ya kabureta, presha yake ni kama psi 0.3 tu, na pikipiki inakwenda. Kwenye gari la kaka tangi liko nyuma, chini, kwa hiyo lazima pampu ya umeme. Pampu yake ilikuwa ya gari, ilikuwa inasukuma karibu mara 20 ya ile ya tangi la juu. Ndani ya kabureta kuna boya na sindano ndogo inayofunga mlango wa petroli. Presha ikizidi, sindano inashindwa kuziba. Petroli inafurika, nyingine inaingia kwenye silinda na kuosha oili, nyingine inamwagikia nje ambako ekzosi ni ya moto. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini ukitafuta cheche. Shemeji hakuwa na wivu na gari, alikuwa anaokoa watoto.

Mafundi wengi wa huko huziweka kabureta za aina hii kati ya psi 2 na 3. Hapo ndipo regulata inapoingia. Ndani yake kuna utando na springi, na skrubu inakaza springi hiyo. Ya kabureta inakaa kati ya pampu na kabureta. Ya injini za nozeli ni nyingine: inakaa baada ya nozeli na kurudisha mafuta yaliyozidi kwenye tangi. Hayabusa, ambayo ni ya nozeli tangu ilipotoka mwaka 1999, inatumia kama psi 43. Ukichukua regulata ya nozeli ukaifunga kwenye kabureta, haishuki mpaka kwenye 2. Uliza kabla ya kutoa hela.

Kufunga kwenyewe hakuhitaji uchawi. Gari litolewe nje, injini iwe imepoa, waya hasi wa betri uchomolewe, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Chujio litangulie, maana mchanga ukiingia kwenye regulata kazi imeharibika. Angalia mshale wa kuingilia na kutokea. Ifunge kwenye bodi, mbali na ekzosi, isining'inie kwenye mpira. Mpira nao uwe wa mafuta kweli, kwa sababu tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina etanoli mpaka asilimia 10, na mipira ya zamani inapasuka. Geji ikae baada ya regulata.

Halafu skrubu ilegezwe kabisa, betri irudishwe, pampu iwashwe, ndio upandishe polepole huku jicho liko kwenye geji. Ukifika, kaza nati ya kufungia. Pangusa kila kiungo kwa karatasi kavu, ikilowa usiwashe injini. Na weka ile swichi inayokata pampu gari likigonga. Kaka alisimama kwenye 2.5, akamwaga oili yote, akaweka mpya na plagi mpya. Likatulia lenyewe.

Wenye nozeli nao wasicheke. Wapo wanaopandisha psi 43 mpaka 58 wakidhani wameongeza farasi. Presha imeongezeka kwa theluthi, lakini mafuta yanayotoka yanaongezeka kama asilimia 15 tu, na hewa ni ile ile. Mafuta bila hewa ni moshi mweusi. Wakishusha mno nako, injini inakosa mafuta, inachemka na pistoni inaweza kutoboka. Na kama presha inaanguka ukikanyaga sana, usikimbilie skrubu. Tazama chujio, pampu na mipira.

Sasa akina dada, jambo lenu. Regulata mnayo jikoni, iko juu ya mtungi wa gesi, na kazi yake ni hiyo hiyo: kupunguza presha ya mtungi ili jiko liwake bila kulipuka. Mpira ukichakaa ubadilishwe. Pakaza povu la sabuni kwenye viungo, likitoa mapovu funga gesi. Na ukisikia harufu, usikubali kuambiwa una maneno mengi.

Ukienda kwa fundi usimuulize "inaweza kufika ngapi?" Muulize "inatakiwa ngapi?" Akishindwa kukujibu, chukua funguo zako utafute mwingine. Kaka bado ana gari lake, shemeji bado yuko nyumbani, na watoto wanalala bila harufu. Wiki ijayo nitawaletea kisa cha wanaume wanaoficha salio la simu. Mpaka hapo, kuleni kwa kiasi!