Mwacheni Kiti cha Pweza Majini

Kuna picha ambayo familia ya bara ikienda Pwani ni kama lazima irudi nayo. Watu wamevaa jaketi za uokozi, miwani ya kuzamia imepandishwa hadi kwenye paji la uso, na katikati mtoto ameinua kiti cha pweza juu kama kombe la ligi. Ndugu zangu wa Nyakoe walirudi nayo Desemba, wakaiweka kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Nikaandika: huyo mnyama hapo anakosa pumzi. Weeh! Nilijibiwa.

Jibu la kwanza: "Ni dakika moja tu, na alirudishwa." Kiti cha pweza hana mapafu. Anapumua kwa ngozi na kwa vile viguu vidogo laini vilivyo upande wa chini, na vyote vinahitaji maji ya bahari. Kumwinua hewani ni kumziba pua. Halafu, dakika moja ya nani? Boti ina watu kumi, kila mmoja na simu yake, na nyuma yenu boti nyingine inaelekea mwamba uleule. Wewe unahesabu dakika yako. Yeye anahesabu za msimu mzima.

Jibu la pili: "Mwenye boti ndiye aliyemtoa." Sawa, lakini mbona alimtoa? Kwa sababu ameshajua kwamba bila picha, bakshishi inapungua. Anauza tunachonunua. Mwambie, "Kaka, mwache tumtazame hukohuko chini," uone kama atabishana nawe.

La tatu ndilo lililoniudhi: "Si tumelipa?" Hebu tuongee kuhusu Kisite, kule karibu na Shimoni. Ndani ya hifadhi ile uvuvi ni marufuku. Mvuvi wa Wasini anauona mwamba ule kila siku na hana ruhusa ya kutupa wavu hapo, ati wanyama walindwe. Amekunja wavu wake. Sisi tunafika na tiketi, tunawatoa walewale wanyama majini kwa ajili ya laiki. Yeye amenyimwa kitoweo, sisi tunanyimwa nini? Kiingilio kinanunua ruhusa ya kutazama. Basi.

Watu wa Nyakoe tungepaswa kuelewa hili haraka kuliko wengi. Kwetu mtu akisogeza mpaka wa shamba hatua moja, kesi inafika kwa chifu kabla chai haijapoa. Sasa mgeni aje, ang'oe mche wa chai apige nao picha, kisha auchomeke tena ardhini. Tungemwambia asante?

Na tusidanganyane kwamba bahari ina ziada. Joto la mwaka 1998 liliyapausha matumbawe ya Kenya, na mengi yakafa. Tumbawe nalo ni mnyama, na yale manene ya mviringo hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Mtoto wa darasa la nne akisimama juu yake apumzike kidogo, anaweza kuvunja kitu kilichoanza kukua kabla mama yake hajazaliwa.

Sisemi watu wa bara wabaki nyumbani. Bahari si ya watalii wa Ulaya peke yao. Mito ya Gusii inaelekea Ziwa Victoria, kwa hiyo mtoto wa Nyakoe asipopelekwa Pwani, Bahari Hindi haitamfuata. Apelekwe! Aelee kifudifudi, asikie pono akitafuna mwamba, amwone kasa akipita zake bila haraka.

Lakini kabla boti haijang'oa nanga, mkubwa mmoja wa familia aseme kwa sauti: hatushiki mnyama, hatusimami juu ya matumbawe, hatuwatupii samaki mkate. Na bakshishi nono aipate yule aliyewaonyesha mengi bila kugusa chochote. Bei ikibadilika, biashara itabadilika. Tunaolipa ni sisi.