Mabaharia wa Loch Ard Wasisahauliwe

Merikebu ya chuma iitwayo Loch Ard, iliyoundwa Glasgow mwaka 1873, ilikuwa chombo cha milingoti mitatu ambacho tangu safari yake ya kwanza kuelekea Australia kilionja taabu, kwani dharuba iliivunja milingoti yake, ikarudi kutengenezwa, na ilipotweka tena ikavunjikiwa mara ya pili, hata ikafika Melbourne kwa milingoti ya kuungaunga. Wasifuo uhodari wa chuma hawakumbuki kwamba matanga hayajikunji yenyewe, bali kila tanga lilitaka watu wa kupanda juu ya foromali usiku wa manane, katika mvua na baridi, na chini yao bahari iliyochafuka.

Machi 2, 1878 iling'oa nanga Gravesend, nchini Uingereza, ikiwa na abiria 17 na mabaharia 37, pamoja na shehena ya piano, saa, manukato na vyuma vya reli. Usiku wa kuamkia Juni 1, abiria wakiwa wamekwisha kufanya karamu ya kumaliza safari, nahodha George Gibb alikesha akitazamia taa ya Cape Otway, wala asiione. Na ukungu ulipoinuka, yapata saa kumi alfajiri, majabali yalikuwa mbele yake. Aliamuru matanga yatwekwe, na yasipofaa akatia nanga zote mbili katika kina cha pima 50, nazo zikaburura. Akaiachilia minyororo ili aigeuze merikebu ielekee bahari kuu, na gubeti ilikuwa imekwisha kuanza kugeuka ilipogonga mwamba wa Kisiwa cha Mutton Bird. Haikupita robo saa ikazama. Sioni la kumlaumu nahodha katika saa ile ya mwisho.

Waliosalimika ni wawili tu: Tom Pearce, mwanagenzi wa ubaharia, na Eva Carmichael, binti aliyefiwa na wazazi wake na ndugu zake waliokuwamo chomboni, ambaye Tom, akiisha kufika ufukoni, aliyarudia mawimbi kumtoa. Watu wa zama zile walitamani waoane (tamaa ya wasomaji haina haya), lakini Eva alirejea kwao Ireland. Aliyebaki na umaarufu ni tausi wa udongo wa kiwanda cha Minton, aliyetupwa pwani salama ndani ya sanduku lake, na leo awekwa katika makumbusho ya Warrnambool, ambako watu huja kumstaajabia.

Tom alistahili nishani yake ya dhahabu, na tausi ni mzuri kweli. Lakini ni dhuluma kumjua ndege wa udongo kwa rangi zake, na kutojua habari za walioshika kamba na minyororo usiku ule. Kwa hiyo namsihi kila atakayeisimulia tena habari hii aanze na mabaharia 36 waliokufa wakiwa kazini.