Ndai haikwami, ila mfuko ndio unakwama

Muulize kijana yeyote wa Kitengela anayetafuta gari la kwanza anataka gari gani. Atakujibu, "Kitu isiyoharibika." Kisha atataja Vitz, Demio, Fielder, na kama ana roho ngumu, Subaru. Baada ya hapo watu wanaanza kubishana kuhusu rimu.

Hilo ni nusu ya swali. Gari linaweza kumaliza mwaka mzima bila kukuacha barabarani na bado likakumaliza wewe.

Toa simu upige hesabu. Kitengela hadi katikati ya Nairobi ni kama kilomita 30, kwenda na kurudi 60. Kwa siku 22 za kazi umeendesha kilomita 1,320 kabla hujaenda kanisani wala kumwona mama ushago. Tuseme petroli ni Sh180 kwa lita. Gari dogo la kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 88, yaani Sh15,840. Gari la turbo ambalo kwenye msongamano wa Athi River na Mlolongo linapata kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 165, yaani Sh29,700. Tofauti ni Sh13,860 kwa mwezi, Sh166,320 kwa mwaka. Na hapo hakuna kitu kimevunjika, fundi hajaitwa. (Mimi niliacha chuo na hesabu hii naiweza, kwa hivyo usiniambie ni ngumu.)

Matatu nayo, hata ukilipa Sh150 asubuhi na jioni, ni Sh6,600.

Tena bei ya petroli si yako kupanga. Kila tarehe 14 EPRA hutangaza mpya, na Oktoba 2023 lita ilifika Sh217.36 Nairobi. Kwa bei hiyo, hata lile gari dogo linapita Sh19,000 kwa mwezi. Unakumbuka 2024 tulivyopinga ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari? Uliondolewa kwenye Mswada wa Fedha. Lakini Julai mwaka uohuo ada ya kukarabati barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita. Hiyo unailipa kila ukijaza tangi, bila kelele.

Sasa turudi kwa hiyo sifa ya kutoharibika. Nyingi tunazosoma mtandaoni ni za magari yaliyonunuliwa yakiwa mapya, yakatembea kwenye lami ya Marekani au Japani. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari ambalo halijazidi miaka minane, na mengi yanashuka Mombasa yakiwa yamekaribia hapo. Miaka yake mizuri ilikula mtu mwingine. Wewe unalipeleka Korompoi au Kisaju, lami inaisha, mvua inanyesha kwenye ule udongo mweusi, na bushi na shoki zinaanza kulia. Hapo Toyota haina maajabu.

Halafu kuna giaboksi. Magari mengi madogo ya Japani yana giaboksi ya CVT, inayotaka oili yake maalum. Fundi wa haraka akiweka oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu ni nafuu, giaboksi inaanza kuteleza, na mwishowe utasikia mtaani kwamba "gari hizo ni mbaya." Gari halikuwa na kosa. Kwa hivyo bei ya oili hiyo na fundi anayeielewa ni sehemu ya gharama ya gari, kama vile bima.

Mtego ninaouona zaidi ni ule wa Mjerumani mzee. Yadi inakuuzia gari la Ulaya la miaka mingi kwa bei ya Vitz, na unajiona umeokota dhahabu. Ila bei ya kipuri haijui wewe ulilipa ngapi. Inafuata bei ya gari lile lilipokuwa jipya. Gari limeshuka hadi laki sita, lakini taa yake, kompyuta yake na giaboksi yake bado ni za gari la mamilioni. Ndiyo sababu mwenyewe anauza.

Vitz nayo ni ghali kuliko inavyostahili, nakubali. Sifa yake unailipia siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba ukiiuza, kiasi kikubwa cha pesa hiyo kinarudi. Mjerumani hakurudishii.

Ukitaka kuona mtu aliyepiga hesabu vizuri, panda hadi Kajiado mjini utazame Probox. Hazina urembo. Zinabeba watu, nyasi, mitungi ya maziwa na wakati mwingine mbuzi. Mwenye Probox hakuulizi kama inaharibika, kwa sababu anajua itaharibika. Anachojua ni kipuri chake kinapatikana hapo karibu, kinagharimu ngapi, na gari likilala gereji siku moja amepoteza pesa ngapi.

Wewe wa Kitengela unayekopa Sacco, gari lako halitabeba maziwa. Kabla hujaweka sahihi, mpigie fundi wako, si yule wa yadi, umuulize bei ya giaboksi, shoki na taa ya mbele za gari hilo. Jumlisha na petroli ya mwezi, bima na makato ya mkopo. Kisha weka hiyo jumla kando ya payslip yako.