Daktari wa Ubongo wa Watoto Hapatikani kwa Siku Moja

Ndugu wazazi, mtoto akianguka kifafa karibu na mafiga, wengi wetu husimama mbali tukiogopa mate yake. Mate hayaambukizi kifafa. Moto ndio unaomuunguza.

Mnaniuliza kwa nini mabingwa wa ubongo wa watoto ni wachache. Fanyeni hesabu: miaka 5 ya udaktari, 1 ya mazoezi hospitalini, 3 ya ubingwa wa watoto. Miaka 9 imekwisha, na ubongo wenyewe hajaanza kuusomea.

Hata hivyo darasa peke yake halitoshi. Miaka ya 1960 Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwatibu wagonjwa wa kifafa kule Mahenge kabla hajawa bingwa. Aliwasikiliza wazazi, akaona watoto wakitikisa vichwa kama wanaosinzia, akaandika. Leo watafiti wanauhusisha ugonjwa huo na minyoo ya usubi.

Maoni yangu: anayesomea ubingwa huu akae vijijini nasi, na sisi tumweleze bila aibu. Mtoto anayefichwa chumbani hatibiwi, wala ugonjwa wake haufundishi mtu. Na aliyeanza dawa, msimkatishe bila kumwuliza mganga wa hospitali.